Kuta Zilizobaki, Watu Walioondoka
Zimbabwe Kuu, Kilwa na Uwanda wetu wa kati

(Haya ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa mjini Dodoma mbele ya walimu na watumishi wa Serikali.)



Mmeniomba nizungumze nanyi juu ya falme za kale za kusini mwa bara letu, jinsi zilivyoinuka na jinsi zilivyoanguka. Nimekubali kwa furaha, na zaidi ya hapo nimekubali kwa kuwa ninalo deni la kulipa.

Deni lenyewe ni swali. Niliulizwa na mwanafunzi wa kidato cha pili katika shule moja ya mkoa huu, siku nilipokuwa nimemaliza kuwaeleza vijana habari za Zimbabwe Kuu. Alisimama, akasema: "Mwalimu, kama watu wale waliweza kujenga kuta ambazo zimesimama miaka mia saba, na kama hakuna adui aliyezibomoa, waliondoka kwa nini?" Nilimjibu kwamba sababu zilikuwa nyingi. Kijana akakaa chini, lakini uso wake ulionyesha wazi kwamba hakushiba. Nami nilirudi nyumbani nikijua kwamba nimemdanganya, kwa maana mtu anayesema "sababu ni nyingi" bila kuzitaja hata moja hajasema kitu.

Leo nitajaribu kulipa deni hilo. Na ninalilipa hapa Dodoma kwa makusudi, kwa sababu swali la kijana yule linatuhusu sisi tunaoishi katika makao makuu kuliko linavyowahusu watu wengine wa nchi hii.

NANI ALIJENGA

Kabla hatujauliza waliondoka kwa nini, hatuna budi kukubaliana ni akina nani. Kwa muda wa karibu miaka mia moja swali hilo dogo lilifanywa kuwa vita.

Zimbabwe Kuu ipo karibu na mji wa Masvingo, kusini-mashariki ya nchi ambayo leo inaitwa Zimbabwe. Magofu yake yameenea katika eneo la zaidi ya hekta 700. Upo mlima wenye vyumba vya mawe juu yake, lipo bonde lenye mabaki ya nyumba nyingi, na upo ua mkuu, ambao ukuta wake wa nje una mzunguko wa mita 250 hivi na mahali pengine unafikia kimo cha mita 11. Mawe hayo yamepangwa moja juu ya jingine bila udongo wala chokaa ya kuyashikisha. Jina lenyewe halihitaji mkalimani kwa msemaji wa Kiswahili. Washona husema "dzimba dza mabwe", nasi husema "nyumba za mawe". Lugha zetu ni ndugu, na neno limebaki kuwa shahidi.

Mjerumani Karl Mauch alipofika pale mwaka 1871 hakutaka kumsikiliza shahidi huyo. Aliona kuta, akaona Waafrika wanaoishi karibu nazo, akaamua kwamba mambo hayo mawili hayawezi kuwa na uhusiano. Akadai kwamba jengo lile ni la Malkia wa Sheba. Baada yake walifuata wengine waliotaja Wafoinike, Waarabu wa kale, na kila taifa walilolikumbuka isipokuwa wenyeji. Mwanzoni mwa karne ya 20 Richard Hall alipewa kazi ya kuyatunza magofu hayo. Alichimba na kutupa tabaka nzima za udongo akiziita takataka za Waafrika, na kumbe humo ndimo ulimokuwa ushahidi.

Ukweli haukukosa watetezi. Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichunguza akatangaza kwamba mji ule ni wa Waafrika na ni wa zama za kati. Mwaka 1929 Bibi Gertrude Caton-Thompson alichimba tena kwa uangalifu mkubwa zaidi, akafikia uamuzi ule ule. Kwa wataalamu jambo likawa limekwisha. Kwa walowezi halikwisha, kwa kuwa serikali iliyokalia ardhi ya watu isingeweza kukiri kwamba watu hao waliwahi kuwa na dola. Baada ya Ian Smith kunyakua madaraka mwaka 1965, wataalamu na waandishi wa vitabu vya kuongozea wageni walishinikizwa waendelee kuandika kana kwamba asili ya kuta zile haijulikani. Peter Garlake, mkaguzi wa mambo ya kale ambaye hapo awali alikuwa amefanya uchunguzi wa majengo ya kale ya pwani yetu, aliona heri aondoke nchini kuliko kusema uongo huo.

Nawaomba walimu walitafakari jambo hili. Serikali ya walowezi iliyokuwa na majeshi na ndege za kivita iliogopa sentensi moja katika kitabu. Na wananchi walipojikomboa, tarehe 18 Aprili, 1980, waliiita nchi yao kwa jina la kuta zile, na ndege wa jiwe aliyechongwa na wazee wao wakamweka katika bendera.

NGUVU ILITOKA WAPI

Sasa tuangalie jinsi ufalme wenyewe ulivyoinuka. Zimbabwe Kuu haikuwa ya kwanza. Kabla yake, katika karne ya 13, palikuwapo Mapungubwe, mahali mto Shashe unapokutana na Limpopo. Huko mfalme na watu wake wa karibu waliishi juu ya kilima na watu wa kawaida waliishi chini. Makaburi ya wakuu yalizikwa na vitu vya dhahabu, na kifaru mdogo wa bati la dhahabu aliyeonekana humo katika miaka ya 1930 ni maarufu hadi leo. Kufikia mwaka 1300 hivi Mapungubwe ilikuwa imeachwa. Nguvu ikahamia kaskazini, katika uwanda wa juu wa Zimbabwe.

Watu wengi wakitaja Zimbabwe Kuu hutaja dhahabu kwanza. Mimi nawaomba tuanze na ng'ombe. Ng'ombe walikuwa benki, mahari, chakula cha karamu na alama ya utii. Mifupa iliyochimbuliwa katika makao ya wakuu inaonyesha kwamba walikula nyama ya ng'ombe wachanga, ambayo maskini hawezi kuila, kwa kuwa maskini hachinji ndama. Uwanda wa juu uliwapa malisho ya masika. Mabonde ya chini yaliwapa malisho ya kiangazi wakati mbung'o walipopungua. Wakulima walilima mtama na uwele, mazao yale yale yanayomlisha Mgogo. Na mawe ya kujengea yalitoka katika vilima vya matale vilivyozunguka mahali pale. Jua la mchana na baridi ya usiku hulipasua jiwe hilo tabaka kwa tabaka, na mafundi waliisaidia kazi hiyo kwa moto na maji.

Kwa hiyo msingi wa dola hiyo ulikuwa nafaka, mifugo na utaratibu wa kuwaongoza watu wengi katika kazi moja. Mtu hawezi kuweka maelfu na maelfu ya mawe mahali pake kwa miongo mingi ikiwa hana ghala la kuwalisha wajenzi.

Juu ya msingi huo ndipo dhahabu ilipokuja kuongeza utukufu. Dhahabu haikupatikana penye kuta. Ilichimbwa na kuchekechwa katika sehemu nyingi za uwanda ule, mara nyingi na wakulima wenyewe wakati wa kiangazi, kazi za shamba zilipopungua. Mfalme aliitawala njia ya kuelekea baharini. Humo magofuni vimeonekana vyombo vya China na Uajemi na shanga za kioo kwa wingi. Imeonekana pia sarafu moja ya shaba ambayo, kwetu Watanzania, thamani yake yapita dhahabu: ina jina la al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa.

LANGO LA KILWA

Hapa ndipo historia ya kusini inapobisha hodi nyumbani kwetu. Dhahabu ya uwanda wa Zimbabwe ilishuka hadi bandari ya Sofala, katika nchi ya Msumbiji ya leo, na Sofala ilikuwa chini ya Kilwa. Majahazi ya pepo za kusi na kaskazi hayakuweza kutoka India au Uajemi hadi Sofala na kurudi katika mwaka mmoja. Kilwa ikawa kituo cha kupokea, kuhifadhi na kutoza ushuru.

Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331 wakati wa sultani huyo huyo al-Hasan bin Sulaiman, akausifu mji ule kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa. Sultani alijenga kasri la Husuni Kubwa juu ya genge linalotazama bahari, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pembe nane. Msikiti mkuu uliongezwa na kuezekwa kuba. Sarafu zilipigwa hapo hapo Kilwa.

Lakini Ndugu zangu, lipo jambo moja kuhusu Husuni Kubwa ambalo halina budi kusemwa kila inaposifiwa. Uchimbaji uliofanywa na Neville Chittick miaka ya 1960 ulionyesha kwamba kasri lile halikupata kumalizika, na lilikaliwa kwa muda mfupi tu. Mkuu alijenga kwa kipimo cha mapato ya miaka ya neema, na neema haikudumu hata kuta zikauke.

Udhaifu wa Kilwa ulikuwa huu: utajiri wake mkubwa ulikuwa wa lango. Kilwa haikumiliki mgodi wa dhahabu wala watu waliouchimba. Wenye lango hula vizuri madhali watu wanapita. Katika karne ya 15 wakuu wa Kilwa waligombana wao kwa wao, masultani na maamiri wakisukumana kitini, na Sofala ikaanza kujiendeshea mambo yake. Vasco da Gama alipofika mwaka 1502 alidai kodi, akapewa. Mwezi Julai, 1505, Francisco d'Almeida alipofika na merikebu zake, Kilwa ilikuwa chini ya Amir Ibrahim, ambaye wapinzani wake walimwona mnyang'anyi wa kiti. Wareno wakaupora mji, wakamtawaza mtu wao, Muhammad Ankoni, wakajenga ngome. Mwaka 1512 waliondoka kwa sababu faida waliyoitarajia hawakuiona. Walilivunja lango wakidhani kwamba dhahabu hukaa langoni. Wafanyabiashara waliwakimbia, wakapitishia bidhaa zao Angoche na kwingineko.

WALIONDOKA KWA NINI

Sasa nirudi kwa kijana wa kidato cha pili. Wareno walipoweka makao Sofala mwaka 1505, Zimbabwe Kuu ilikuwa tayari imepoteza ukuu wake kwa zaidi ya nusu karne. Hakuna alama ya jeshi lililoizingira wala ya moto ulioiteketeza. Kwa nini basi?

Sababu ya kwanza ambayo wataalamu wameitaja ni ardhi. Zamani walikadiria kwamba mji ule ulikuwa na watu 18,000. Watafiti wa miaka ya karibuni wanasema hawakuzidi 10,000. Tuchukue hesabu hiyo ndogo. Watu 10,000 wanaokaa mahali pamoja kizazi hata kizazi hupika kila siku, na kuni zinatoka katika miti iliyo karibu. Hulima, na shamba lisilopumzishwa huchoka. Hufuga, na malisho yaliyo karibu na maji huliwa hadi udongo ukabaki mtupu. Kila mwaka mwanamke wa mji ule alitembea hatua chache zaidi kutafuta kuni. Hakuna siku hata moja ambayo mtu angeweza kuisimamia na kusema: leo mji umekufa.

Sababu ya pili ni njia ya biashara. Katika karne ya 15 wafanyabiashara walizidi kupitia bonde la mto Zambezi kuifuata dhahabu ya kaskazini mwa uwanda. Zimbabwe Kuu ikajikuta kando ya njia.

Sababu ya tatu ni siasa. Masimulizi ya Washona yanasema kwamba mkuu mmoja, Nyatsimba Mutota, alikwenda kaskazini kutafuta chumvi, akaipata katika bonde la Zambezi, akabaki huko na kuanzisha utawala uliojulikana kwa jina la Mwene Mutapa. Upande wa magharibi waliinuka watawala wa Torwa huko Khami, karibu na Bulawayo ya leo, nao waliendeleza ufundi wa kuta za mawe kwa urembo mpya. Watu wale hawakupotea, wala akili yao haikupotea. Walihamisha nguvu zao mahali palipoweza kuwabeba.

Nisiwafiche kwamba wataalamu wangali wanapima uzito wa sababu hizi, na haki ya wenyeji wa kale inadai tuseme pia mema yao. Utafiti wa miaka ya karibuni umeyachunguza upya mashimo makubwa yaliyomo Zimbabwe Kuu. Zamani yalidhaniwa kuwa ni mahali palipochimbwa udongo wa kujengea basi. Sasa imeonekana kwamba yalitumika kukinga na kuhifadhi maji ya mvua na ya chini ya ardhi. Wazee wale walijua kwamba wanaishi katika nchi ya ukame, wakajiandaa. Mji wao ulidumu karne kadhaa kwa sababu ya maandalizi hayo.

MGENI KATIKA UGOMVI WA NYUMBANI

Mutapa nayo ina somo lake, na ni chungu. Ufalme huo ulikuwa na nguvu za kutosha kuwakalisha Wareno nje kwa muda mrefu. Hawakuuvunja kwa mizinga. Walikaribishwa. Mwaka 1607 mfalme Gatsi Rusere, akisumbuliwa na waasi, aliwaahidi Wareno machimbo ya madini ili wamsaidie kwa bunduki. Mwaka 1629 Mavura alitwaa kiti kwa msaada wao dhidi ya Kapararidze, akatia sahihi mapatano ya kujiweka chini ya mfalme wa Ureno. Tangu hapo wageni walijikatia mashamba na kuwafanya wananchi watumwa katika nchi yao.

Aliyewaondoa hakutoka katika nyumba ya Mutapa. Alikuwa Changamire Dombo, na mwaka 1693 majeshi yake yaliwafukuza Wareno kutoka uwanda wa juu. Utawala wa Warozvi aliouasisi ulidumu hadi misukosuko ya Wanguni katika miaka ya 1830. Ni misukosuko ile ile iliyowaleta Wangoni wa Zwangendaba kuvuka Zambezi mwaka 1835 hadi wakafika Ufipa na, baadaye, Songea. Historia ya kusini na yetu ni shuka moja, na uzi wake ukivutwa Masvingo, pindo hutikisika Tanzania.

UWANDA WETU

Ndugu Mwenyekiti, huenda mtu akasema: hayo ni ya Wazimbabwe na ya watu wa Kilwa, Ugogo haukuwa na kuta. Ni kweli, Mgogo hakujenga kwa mawe, ingawa amezungukwa na vilima vya matale kama vile vya Masvingo. Alijenga tembe, nyumba ya miti na udongo yenye paa bapa, inayohimili jua na upepo wa nchi hii, na inayojengwa upya bila kilio mvua zinapokataa na watu wakalazimika kuhama. Mwanafunzi akiuliza kwa nini babu zake hawakuacha magofu, mwalimu amweleze kwamba watu hupimwa pia kwa namna walivyojua kuishi na nchi yao.

Wala tusidhani kwamba uwanda huu haukulijua somo la lango. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu kati ya Unyanyembe na pwani ilikuwa lazima ipite Ugogo, na kupita Ugogo ilikuwa ni kununua maji. Watemi walitoza hongo, yaani nguo, shanga na waya. Stanley alipopita mwaka 1871 alilipa kama wengine. Ilikuwa haki ya wenye visima. Lakini Wajerumani walipoiteka nchi katika miaka ya 1890, na reli ilipofika Dodoma mwaka 1910, misafara ilikwisha na hongo ikaisha pamoja nayo. Lango lilihamishwa kwa chuma.

Kilichobaki ni nafaka na mifugo, na mara vikaja kuchukuliwa hivyo navyo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yaliwanyang'anya watu wa Ugogo ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua nazo zikakosa. Ikafuata njaa ambayo wazee waliiita Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920. Watu walikufa na wengine wakatawanyika. Ukame ulikuwa umewapiga Wagogo mara nyingi kabla ya hapo, na mara nyingi waliuvuka kwa akiba zao na kwa ujamaa wao wa kupeana ng'ombe. Mara hii watawala walikuwa wamezichukua akiba kwanza.

Hapa naona jibu la kijana wangu limekamilika. Dola husimama juu ya ghala, malisho, maji na uaminifu wa watu. Dhahabu na kuta huja juu yake. Watawala wakianza kuamini kwamba juu ndiyo chini, anguko linakuwa limekwisha kuanza, hata kama kuta bado zinang'aa.

MAKAO MAKUU

Sisi tunaosikilizana hapa tumekaa katika mji ambao Taifa liliamua mwaka 1973 uwe makao makuu yake. Safari ilikuwa ndefu. Serikali ilitangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia kweli, na mwaka 2018 sheria ikatungwa kuithibitisha Dodoma kuwa makao makuu ya nchi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika Jiji hili zaidi ya watu 750,000. Ni mara sabini na tano ya watu wa Zimbabwe Kuu kwa ile hesabu ndogo, katika nchi yenye msimu mmoja wa mvua na milimita zisizofika 700 kwa mwaka wa kawaida.

Mji wa namna hii una mahitaji yale yale ya mji wa kale. Maji yake kwa miaka mingi yametegemea visima vya Makutupora, yaani mvua iliyoingia ardhini zamani. Mkaa wake hutoka katika misitu ya wilaya za jirani na mbali zaidi. Kila gunia linaloletwa mjini limeacha kisiki mahali fulani, na mnunuzi haoni kisiki.

Wala hatuhitaji kwenda Masvingo kuona ardhi iliyochoka inafananaje. Hapa hapo Kondoa, milima ya Irangi ilichimbika makorongo hata ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, mwaka ule ule wa uamuzi wa makao makuu. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika. Nyasi na miti vilirudi, na huo ni ushahidi kwamba ardhi husamehe. Lakini gharama ililipwa na wafugaji walioambiwa wapeleke ng'ombe wao kwingine, na wengi wao hawakuwa na kwingine. Somo la Kondoa lina pande mbili: ardhi ikiharibika kuitengeneza kunawezekana, na anayelipa kwa kawaida ni yule mwenye kidogo. Kinga ni nafuu, na ni haki zaidi.

Ninayo maombi mawili. La kwanza ni kwa watumishi wa Serikali. Faili la maji, la hati ya kiwanja, la kibali cha mkaa, la ushuru wa mazao ya mkulima wa Bahi au Chamwino, si karatasi ndogo. Hizo ndizo kuta za chini ambazo hazionekani katika picha. Anayesaini kibali cha kukata miti bila kwenda kuiona anaondoa jiwe moja, na ukuta usio na udongo wa kushikisha hutegemea kila jiwe. Anayemtoza mkulima kupita uwezo wake anarudia kazi ya maofisa wa vita vya 1914, ijapokuwa kwa kalamu na kwa stakabadhi.

Ombi la pili ni kwa walimu. Fundisheni falme hizi kwa ukamilifu, utukufu wake na makosa yake. Wakoloni walitunyima utukufu; tusijinyime wenyewe makosa. Mtoto anayeambiwa kwamba babu zake walikuwa wafalme watupu atafurahi siku moja. Mtoto anayeelezwa jinsi walivyohifadhi maji, jinsi walivyogombania kiti, jinsi walivyowaita wageni waamue ugomvi wao, na jinsi walivyohama kuni zilipokwisha, atakuwa na kitu cha kutumia atakapokabidhiwa nchi. Na akiuliza swali gumu, msimjibu kama nilivyomjibu mimi.

Kuta za Zimbabwe Kuu zimeingizwa katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1986, na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara tangu 1981. Watalii huja kuzitazama na kushangaa. Ni vizuri. Lakini mji uliotazamwa na watalii peke yao umekwisha kazi yake. Dodoma tunataka ikaliwe. Tunataka miaka mia saba kutoka sasa mwanafunzi wa mkoa huu aulize swali tofauti na lile la kijana wangu, aulize: "Waliwezaje kukaa hapa muda wote huu?" Na mwalimu wake awe na jibu la kumwonyesha kwa kidole, penye miti, penye visima na penye maghala.